Mafundi watatu ndani ya virusi, na kwa nini dawa ya mtoto hairukwi

Kama unachambua sukuma, endelea kuchambua huku ukinisikiliza. Kama unanyonyesha, tulia hapo hapo. Na wewe nyanya uliyeachiwa wajukuu, vuta kiti karibu na redio, maana leo yapo maneno yako pia. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na hiki ni kipindi chetu cha mama na mtoto.

Baada ya kipindi kilichopita nilipata jumbe nyingi kwenye simu, na mmoja nimetembea nao moyoni siku zote hizi. Mama mmoja aliandika hivi: "Sista, mtoto wangu ana miaka minne. Alizaliwa na virusi vya UKIMWI na anakunywa dawa za ARV kila siku. Ana afya, anacheza, anasumbua kama wenzake. Kliniki wameniambia virusi havionekani tena kwenye damu. Sasa kama havionekani, kwa nini asipumzike dawa hata mwezi mmoja tu?"

Mama, swali lako ni zuri, na si la mzembe. Ni swali la mtu ambaye kila siku jioni anapigana na mtoto akiwa na kikombe mkononi. Tena mara nyingi sisi wahudumu tunalijibu vibaya. Tunasema, "Kunywa dawa, usiulize." Leo nataka nikujibu kwa kukuonyesha virusi hivyo vinafanya nini ndani ya mwili, kwa sababu ukishaona kazi yao utaelewa mwenyewe kwa nini dawa hairukwi.

Tuanzie jikoni. Ukitafuna kipande cha ugali kwa muda mrefu bila kumeza, mwishowe unasikia utamu mdomoni. Hujatia sukari. Katika mate yako kuna kitu kinachokatakata ule unga na kuufanya sukari. Vivyo hivyo uji ukiwa mzito mno, mama zetu hutia kimea cha wimbi kidogo, na uji unalegea. Hicho kitu kilicho ndani ya mate na ndani ya kimea kinaitwa kimeng'enya. Wengine husema enzaimu. Vimeng'enya ni mafundi wadogo sana, na kila mmoja ana kazi yake moja: huyu anakata, yule anaunganisha, mwingine ananakili. Mwili wako una maelfu ya mafundi wa namna hii, na bila wao usingeweza hata kupepesa jicho.

Virusi navyo vina mafundi wao. Kirusi chenyewe ni kitu maskini sana. Hakili, hakipumui, hakina jiko wala duka. Ni kama mfuko mdogo wenye barua ndani, na kando ya barua hiyo wamekaa mafundi wachache. Barua ndiyo maelekezo ya kutengeneza virusi vingine. Barua ya kirusi cha UKIMWI ina herufi karibu 10,000 tu, wakati maelekezo ya kumtengeneza binadamu yana herufi kama bilioni 3. Lakini kijibarua hicho kifupi, kikiwa na mafundi wake watatu, kimewashughulisha wataalamu tangu virusi hivi vilipogunduliwa mwaka 1983 huko Ufaransa.

Kirusi hicho kikiingia mwilini hutafuta seli fulani za damu nyeupe zinazoitwa CD4. Mama, hapa pana ujanja. Seli za CD4 ndizo kama chifu wa kijiji. Ugonjwa ukiingia, chifu ndiye anayepiga mbiu, na vijana wote wanatoka na rungu. Kirusi hiki hakiendi kujificha porini. Kinaingia ofisini kwa chifu mwenyewe, kinafunga mlango, na kuanza kazi kwenye meza yake.

Sasa mfahamu fundi wa kwanza. Jina lake refu ni rivasi transkriptasi. Usijisumbue kulikariri, tumwite karani. Kazi yake ni kunakili ile barua ya virusi. Maelekezo yetu sisi binadamu yameandikwa kwa aina ya maandishi inayoitwa DNA, na ya kirusi hiki yameandikwa kwa aina nyingine, RNA. Mwili wetu kwa kawaida hutoa nakala kutoka DNA kwenda RNA. Huyu karani anafanya kinyume, anatoka RNA kurudi DNA, ili barua ya virusi ifanane na maandishi ya mwili wako. Zamani wataalamu waliamini jambo hilo haliwezekani. Mwaka 1970 Wamarekani wawili, Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja katika maabara yake, walimpata karani wa namna hii katika virusi vinavyoleta saratani kwa kuku na panya. Mwaka 1975 walipewa Tuzo ya Nobel, na wakati huo hakuna aliyejua kwamba kuna kirusi kingine chenye karani kama huyo ambacho kingetujia sisi.

Karani huyu ana tabia moja ambayo ndiyo shina la taabu yetu yote. Ana haraka na hasomi tena alichoandika. Mafundi wa kunakili wa mwili wako wakikosea herufi, hurudi nyuma wakafuta. Huyu wa virusi harudi. Akikosea, amekosea, na anaendelea. Unaweza kufikiri kosa hilo ni faida kwetu, na mara nyingi ni kweli, kwa kuwa nakala nyingi zenye makosa ni mbovu na hufa. Lakini fikiria wingi wake. Katika mwili wa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya kama bilioni 10 hutengenezwa kila siku. Katika makosa mengi kiasi hicho, hakosekani kirusi kimoja ambacho kosa lake limekipa nguo mpya.

Na nguo ni jambo kubwa. Mwili wako una walinzi, wale tunaowaita kingamwili, ambao hutambua adui kwa nguo yake ya nje. Wakishaijua, wanaikamata. Lakini wakati wamemzoea adui mwenye shati jekundu, tayari amezaliwa mwenye shati la kijani. Wakijifunza kijani, kumetokea cha madoadoa. Ndiyo sababu mwili peke yake haushindi vita hivi, na ndiyo sababu moja kubwa kwamba hadi leo hatuna chanjo ya UKIMWI kama tulivyo na ya surua au polio. Si kwamba wataalamu wamelala.

Niseme jambo lingine hapa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe lilinishangaza nilipolisoma. Mwili haukukubali kuonewa bure. Ndani ya seli zetu tuna fundi wetu anayemvizia karani. Karani akiwa anaandika, fundi wetu anapitisha mkono na kuchafua herufi, mpaka barua yote inakuwa takataka. Wanasayansi walimtambua mwaka 2002. Ni kinga nzuri sana, ila kirusi kimekuja na jibu lake, protini ndogo inayoitwa Vif, ambayo humtia fundi wetu alama kama ya taka, na seli yenyewe inamtupa jalalani. Yaani mwili unatupa silaha yake kwa mkono wake. Hapo ndipo dawa inaingia kusaidia, maana vita hii mwili umeipigana na umechoka.

Dawa za kwanza kabisa zilimlenga karani. Dawa ya AZT, ambayo ilikubaliwa Marekani mwaka 1987 na ambayo bado tunawapa watoto wachanga, inafanya kazi hivi. Chukua mtu anayetunga ushanga kwenye uzi. Sasa mchanganyie katika bakuli ushanga unaofanana kabisa na mwingine, ila hauna tundu upande wa pili. Akiuokota na kuutia, uzi umekwama na kazi imeishia hapo. AZT ni ushanga wa namna hiyo. Dawa za Tenofovir na Lamivudine, ambazo kina mama wengi mnazo ndani ya kile kidonge kimoja cha kila siku, zinatumia ujanja huo huo. Nevirapine, ile dawa ya maji ya mtoto mchanga, ina njia nyingine. Inaingia pembeni mwa mkono wa karani kama kokoto kwenye bawaba ya mlango, na mkono haukunjiki tena.

Hii Nevirapine inatupa funzo ambalo lilitoka hapa jirani, Uganda. Mwaka 1999 utafiti uliofanywa huko ulionyesha kwamba mama akipewa kidonge kimoja tu wakati wa uchungu, na mtoto akapewa tone lake katika siku tatu za kwanza, maambukizi kwa mtoto yalipungua karibu nusu ukilinganisha na waliopewa AZT kwa muda mfupi. Ilikuwa habari njema sana, na ilienea Afrika nzima. Watoto wengi walio watu wazima leo waliokolewa na kidonge kile. Lakini baadaye wataalamu walipopima damu ya wale mama, waliwakuta wengi na virusi ambavyo Nevirapine haikuviweza tena. Kidonge kimoja tu, mama, na virusi vimeshageuka.

Vilijifunzaje? Havikujifunza. Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata sisi wauguzi. Kumbuka makosa ya karani. Kati ya virusi bilioni nyingi vilivyokuwa mwilini, vilikuwapo tayari vichache ambavyo, kwa bahati tu, bawaba ya karani wao ilikuwa na umbo tofauti kidogo, na lile kokoto halikuingia. Kosa la herufi moja linatosha. Dawa ilipokuja iliua vingine vyote na kuvibakisha hivyo vichache, navyo vikapata shamba zima peke yao. Ni kama kupalilia mahindi ukang'oa magugu yote na kuacha sangari. Mvua ikija, shamba lote ni sangari.

Ndiyo maana siku hizi hatumpi mtu dawa moja peke yake kutibu virusi hivi. Tunatumia tatu pamoja, ili kirusi kinachoikwepa moja kikamatwe na ya pili au ya tatu. Na dawa zote zikiwa ndani ya damu kwa kiwango chake, karani hanakili, na asiponakili hakosei, na asipokosea hakuna nguo mpya wala bawaba mpya. Lakini ukiruka leo, ukaruka kesho, ukanywa kesho kutwa, dawa inashuka kwenye damu mpaka inabaki kidogo. Kidogo hicho hakitoshi kumfunga karani, ila kinatosha kuchagua. Hiyo ni hali mbaya kabisa, virusi vinaandika huku dawa hafifu ikiwachagulia wale wagumu. Mtoto anaporuka dawa mara kwa mara, haipotezi tu siku ile. Anaweza kuipoteza dawa yenyewe, na kwa mtoto dawa zilizopo si nyingi kama za mtu mzima.

Sasa turudi kwa mama wa ule ujumbe. Yeye hakuuliza juu ya kurukaruka. Aliuliza kwa nini mtoto asipumzike, maana virusi havionekani. Jibu lake yuko nalo fundi wa pili.

Fundi wa pili anaitwa integrasi, na mimi namwita mshonaji. Karani akimaliza nakala, mshonaji anaibeba mpaka katikati ya seli, mahali maelekezo ya mwili wako yalipo, anafumua mshono, anaipachika nakala ya virusi humo ndani, na mwili wenyewe unafunga ule mshono. Unakijua kile kijitabu cha mama na mtoto unachokuja nacho kliniki? Fikiria mtu amefungua pini zake, akaingiza ukurasa wake katikati, akafunga tena. Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Ukikipekua hujui kurasa zipi ni za kitabu na upi ni wa mgeni. Na kila seli hiyo inapogawanyika ikawa mbili, ukurasa wa mgeni unanakiliwa pia.

Seli nyingi zenye ukurasa huo hufa mapema. Lakini nyingine ni zile seli za kumbukumbu, ambazo kazi yake ni kulala miaka mingi zikingoja ugonjwa uliowahi kuja urudi. Seli ikilala, ukurasa wa virusi nao unalala. Hauandiki kitu, hautoi kirusi, hauna nguo ya nje. Walinzi wa mwili wanapita mlangoni na kusema hapa kwema. Dawa nazo haziwezi kuugusa, kwa sababu dawa hukamata mafundi wakiwa kazini, na hapa hakuna anayefanya kazi. Kipimo cha wingi wa virusi kinahesabu virusi vinavyozunguka kwenye damu, hakihesabu kurasa zilizoshonwa. Kwa hiyo ulipoambiwa havionekani, mama, uliambiwa kweli, na ni habari ya kufurahia sana. Haikuwa na maana kwamba vimekwisha.

Nikupe kisa cha kweli. Katika jimbo la Mississippi kule Marekani, mwaka 2010, alizaliwa mtoto mwenye virusi, na madaktari wakamwanzishia dawa alipokuwa na saa 30 hivi tangu kuzaliwa. Alipofika karibu mwaka mmoja na nusu, dawa zilikatika. Waliporudi kumpima, havikuonekana virusi. Wakapima tena na tena. Mwaka 2013 habari ikatangazwa dunia nzima kwamba labda mtoto huyu amepona, na mimi nakumbuka jinsi tulivyoizungumza kwa furaha kwenye chai. Alikaa zaidi ya miaka miwili bila dawa na virusi havionekani. Halafu mwaka 2014, akiwa anakaribia miaka minne, wakapima wakavikuta vimerudi, na akarudishwa kwenye dawa. Seli moja iliyolala iliamka mahali fulani, na ilitosha. Mtoto huyo alikuwa na bahati ya pekee kukaa muda ule wote. Kwa watu wengi wakiacha dawa, virusi hurudi ndani ya wiki chache.

Mama uliyeandika, mtoto wako ana umri huo huo wa miaka minne. Ndiyo sababu nimekusimulia.

Dawa inayomkamata mshonaji tunayo, na ni ile mnayoisikia kila siku, Dolutegravir. Kwa mtu mzima imo ndani ya kidonge kimoja pamoja na Tenofovir na Lamivudine, kwa hiyo kidonge hicho kinamshika karani kwa mikono miwili na mshonaji kwa mmoja. Ni dawa ngumu kwa virusi kuikwepa, ngumu kuliko Nevirapine kwa mbali. Lakini ina jambo lake moja ambalo nilijifunza kwa aibu, na nitalisema hewani ili lisimpate mwingine.

Nilikuwa nahudumu katika kliniki moja ya wajawazito. Alikuja mama mwenye mimba ya miezi mitano, anatumia dawa zake vizuri, hana siku aliyoruka. Nikampa vidonge vya kuongeza damu kama tunavyowapa wajawazito wote. Akaniuliza, "Ninywe saa ngapi?" Nikamjibu kwa haraka, foleni ilikuwa ndefu, "Kunywa pamoja na ile nyingine ili usisahau." Naye alikuwa mama msikivu. Kila alfajiri, kabla ya kutia kitu tumboni, alimeza vyote viwili kwa maji. Kipimo kilichofuata virusi vilikuwa vimepanda. Nilimuuliza maswali kama polisi, nikidhani ananificha. Nilihesabu vidonge vyake, hesabu ilikuwa sawa. Daktari wetu ndiye aliyeuliza swali moja tu, anavinywa pamoja na nini?

Mshonaji wa virusi, mama, hushika kazi yake kwa vipande viwili vidogo vya madini, kama meno ya mkasi. Dolutegravir inamfunga kwa kung'ang'ania madini hayo. Basi dawa inayopenda madini ikikutana tumboni na kidonge cha madini ya chuma, inang'ang'ania hapo hapo. Vinakumbatiana ndani ya tumbo na kutoka pamoja chooni, na damu haipati dawa ya kutosha. Kalisiamu pia hufanya hivyo, na zile dawa za kiungulia ambazo wajawazito hununua dukani.

Utafanyaje basi? Vidonge vya damu usiviache, mtoto tumboni anavihitaji. Kunywa Dolutegravir angalau saa mbili kabla ya kidonge cha damu au cha kalisiamu, au saa sita baada yake. Ukitaka kuvinywa pamoja, vinywe na chakula, si tumbo tupu. Dawa ya kiungulia hiyo haina msamaha wa chakula, itenganishe kwa saa zile zile. Wengi hunywa ARV usiku na ya damu mchana pamoja na chakula, na mambo huenda sawa. Yule mama alibadilisha saa, virusi vikashuka kabla ya kujifungua, na mtoto alipopimwa hakuwa navyo. Nilimwomba msamaha. Alicheka akaniambia, "Sista, na wewe ni mtu."

Na kama wewe au mtoto mnaanza dawa za kifua kikuu, waambie wahudumu wote wawili, wa kliniki ya TB na wa ARV. Rifampicin iliyo katika dawa za TB hulifanya ini liiondoe Dolutegravir haraka, na huwa tunaongeza kipimo chake mpaka matibabu ya TB yaishe.

Fundi wa tatu sitamkalia sana. Ni protiasi, mkataji. Unajua leso inavyouzwa, doti nzima, mbili zimeshikana. Huwezi kujifunga mpaka ukate katikati. Seli iliyotekwa hutoa protini za virusi zikiwa zimeshikana hivyo, kipande kirefu, na mkataji anazitenganisha ndipo kirusi kipya kiwe kamili. Asipokata, virusi vinatoka lakini ni vibovu, haviambukizi seli nyingine. Dawa ya watoto iliyomzuia mkataji ilikuwa ile ya maji ya Lopinavir, na nyanya wengi wanaonisikiliza wanaikumbuka kwa uchungu wake. Mtoto alikuwa anaiona chupa tu anafunga meno. Nimeona walezi wakilia pamoja na watoto. Kuanzia mwaka 2021 tumekuwa na Dolutegravir ya watoto, kidonge kidogo kinachoyeyuka katika maji na kina ladha ya stroberi. Sisemi vita vimekwisha, mtoto ni mtoto, lakini afadhali sasa.

Iyeyushe katika maji safi kidogo, anywe yote ndani ya nusu saa, kisha suuza kikombe kwa maji kidogo anywe na hayo, maana dawa hubaki imeganda pembeni. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, mpe tena. Ukisahau saa yake, mpe pale unapokumbuka, lakini usimpe mara mbili kwa pamoja ili kufidia. Na kipimo cha mtoto kinafuata uzito wake, kwa hiyo ukija kliniki usikubali aondoke bila kupandishwa kwenye mizani. Kipimo cha mwaka jana kwa mwili wa mwaka huu ni dawa hafifu, na tumeshasema dawa hafifu hufanya nini.

Nyanya, sasa wewe. Ninajua watoto huletwa kwako likizo ya Desemba, na mara nyingine mama yake hakukuambia kile kikopo ni cha nini. Ninajua pia nyumba ikijaa wageni, kikopo kinafichwa mvunguni, kinalia chaka-chaka kikiguswa, na mwishowe mtoto anakosa wiki nzima ili majirani wasijue. Mama, mwambie mama yako kabla ya kumpeleka mtoto. Kama sauti ya kikopo inakutia hofu, tia pamba juu ya vidonge. Mtoto akila ugali wa nyanya na kunywa dawa yake saa ile ile, virusi havijui kama yuko mjini au ushago.

Kwa mama anayenyonyesha, nimalizie na hili. Bila dawa yoyote, kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa, wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Dawa zikitumiwa vizuri, idadi hiyo hushuka chini ya watano. Dawa zako zinawafunga mafundi kwako, na dawa ya maji ya mtoto inamngoja karani mlangoni kwa mtoto, kirusi kikipenya asipate nafasi ya kunakili na mshonaji asipate ukurasa wa kushona. Ukishashonwa hautoki. Ndiyo maana hatungoji mtoto augue, na ndiyo maana usikatishe Nevirapine yake kwa kuwa amenawiri, mpaka kliniki ikuambie. Mpe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya kwanza, na akifika wiki sita mlete achukuliwe matone ya damu kisiginoni kwa kipimo cha PCR. Kile kipimo cha kawaida cha haraka kwa mtoto mdogo huonyesha kingamwili alizopewa na mama, hakituambii kama yeye ana virusi.

Na jambo la kuchekesha, zile mashine za maabara zinazohesabu virusi kwenye damu yako humtumia nani kunakili barua ya virusi ili iweze kuhesabika? Humtumia karani yule yule, rivasi transkriptasi. Tumemwajiri upande wetu.

Mama uliyeniandikia, nimeweka jina lako kwangu na sijalitaja. Ukitaka tuzungumze zaidi, njoo Alhamisi, siku ya kliniki ya watoto, uniulize mlangoni. Mlete na yeye nimwone, na uje na kikopo chake tuangalie kama kipimo kinalingana na kilo zake.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya surua, na kwa nini mtoto anarudi kwa chanjo ya pili akiwa na miezi 18. Kwaherini.